Vidole Vinne vya Maji

Vidole vinne vya mkono wake wa kulia ndivyo vilivyokuwa kipimo cha maji yetu. Kila shamba lililonyweshwa na mfereji lilikuwa na jiwe lake ukingoni, lile jiwe la sabuni wanalochongea vinyago kule Tabaka, na katika jiwe hilo palikatwa pengo. Pengo alilikata yeye mwenyewe kwa panga, na upana wake ulikuwa vidole vyake vinne vikiwa vimebanwa pamoja. Mtu akilalamika kwamba pengo lake ni jembamba kuliko la jirani, alikuja, akashuka mferejini, akaingiza vidole ndani ya pengo mbele ya watu, akavitoa. Kesi ikaisha. Watu walisema tuna bahati mbaya kwamba mzee hakuzaliwa mnene.

Tulimwita Mzee wa Mfereji. Jina alikuwa nalo na ukoo alikuwa nao, lakini hata mtoto akitumwa kwake aliambiwa aende kwa Mzee wa Mfereji, naye alijua njia. Hakuajiriwa na mtu wala hakuchaguliwa. Mfereji ulichimbwa zamani ili kuendesha kinu cha kusagia wimbi na mahindi. Kinu kilipokufa, maji yalibaki yakipita bure ubavuni mwa kilima, na yeye akabaki nayo. Watu walipoanza kupanda vitunguu na kabichi na kuotesha miche ya majani chai, walimkuta yumo humo tayari na jembe lake.

Shamba letu lilikuwa la mwisho. Baada yetu mfereji uliingia kwenye nyasi na kufia huko. Nalisema hili mapema kwa sababu kila ninachojua juu ya mzee huyu nilikiona nikiwa nimesimama mwisho wa maji.

"Wa mwisho aanze." Hilo ndilo lilikuwa neno lake, na alilisema mara nyingi mpaka likawa kama salamu. Mvua zilipokata, mwezi wa kwanza na wa pili, maji yalipungua yakawa hayawezi kupita katika mapengo yote kwa pamoja. Hapo ziliwekwa zamu. Nasikia kwamba mahali pengine zamu huanza juu, karibu na mto, kisha hushuka. Yeye alianza chini. Mashamba yote yaliziba mapengo yao kwa udongo na vipande vya mgomba, na maji yakaachwa yaje yote mpaka kwetu. Tukimaliza sisi, alifuata aliye juu yetu, kisha aliye juu yake, hivyo hivyo kupanda kilima.

Mtu wa juu akimuuliza sababu, alijibiwa hivi: "Maji yakifika mwisho yamempitia kila mtu, na kila mtu ameyaona. Yakianzia kwako, wa chini atayajulia wapi? Atayaota?"

Urefu wa zamu aliupima kwa kivuli. Alichomeka mpini wa jembe ardhini, akaweka kijiwe penye ncha ya kivuli, akaweka kingine mbele yake, akaketi. Kivuli kikifika kijiwe cha pili zamu yako imekwisha, hata kama umebakiza mstari mmoja wa kabichi. Siku za mawingu alikadiria tu, na hizo ndizo siku alizotukanwa sana. "Leo jua limelala," watu walisema, "mzee anatugawia kwa tumbo lake." Alitukanwa akiwa palepale ameketi, na hakuinuka.

Kwa hesabu ya ukoo alikuwa babu yangu, ingawa si yeye aliyemzaa baba. Kwetu babu na mjukuu hutaniana bila mpaka. Aliniita mke wake mdogo, na kila nilipokwenda kuteka maji aliniuliza nitahamia kwake lini, kwa kuwa mke mkubwa amezeeka na hawezi tena kuzibua mfereji. Mimi ni mtu wa haya. Nilichekea ndani ya debe.

"Huyu anaongea na debe," alisema. "Siku moja debe litamjibu."

Lakini Mama alikuwa mke wa mtoto wake kwa hesabu hiyo hiyo. Na kati ya mzee na mke wa mwanawe kwetu kuna chinsoni, ile haya ya heshima ambayo mtu haivunji. Hawapeani mikono, hawatazamani usoni, hawaongei kwa mazoea. Kwa hiyo mambo ya maji waliyazungumza kupitia kwangu. Mzee alisimama mferejini, Mama akasimama hatua kumi kutoka kwake akitazama migomba.

"Mwambie mama yako maji yatafika kesho asubuhi."

"Mwambie babu yako nimesikia."

"Mwambie asipande vitunguu karibu na ukingo. Ataita fuko."

"Mwambie vimeshapandwa."

"Basi mwambie fuko wamekaribishwa."

Nami nilisimama katikati yao sisemi kitu, maana kila mmoja alishamsikia mwenzake. Kazi hiyo ilinifaa.

Chinsoni hiyo hiyo humkataza baba kuingia katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mwana mkubwa wa mzee alijenga nyumba ya mabati kando ya mfereji, upande wa juu. Mwaka mmoja moto ulishika jikoni humo mchana, wenyewe wakiwa sokoni Keroka. Mzee ndiye aliyekuwa karibu. Alichota maji mferejini kwa debe na kuyarusha kupitia dirishani, debe baada ya debe, huku akiita watu. Walipofika waliingia, wakatoa magodoro na masanduku. Yeye alibaki nje, nyusi zimeungua, na unyayo wake haukugusa kizingiti. Hakuna aliyemshangaa. Tungemshangaa kama angeingia.

Siku ya Sabato hakushika jembe. Alikuja kanisani na koti lake la kijani, akaketi benchi la nyuma, akasinzia. Baadaye alitembea kando ya mfereji, mikono mgongoni, kama mtu anayepunga upepo. Akiona mahali panapovuja, alisimama hapo na kupakanyaga kwa kisigino mpaka pakaziba. Mzee wa kanisa alimkuta siku moja.

"Ndugu, leo ni Sabato. Unafanya kazi?"

"Mikono yangu iko wapi?"

"Mgongoni."

"Basi. Mguu haujaajiriwa."

Usidhani alikuwa mpole. Wanawake waliofua nguo mferejini alizichukua nguo zao na kuzitundika juu ya ua wa miiba, hata za ndani, ili wazifuate mbele ya watu. Ng'ombe aliyekanyaga ukingo alipigwa jiwe, na mwenye ng'ombe alitukaniwa marehemu wake. Alihubiri usafi wa maji, naye jioni aliosha miguu yake humo humo. Tulipomwambia, alisema miguu yake ni sehemu ya mfereji. Na kwa wanawe alikuwa mgumu kuliko kwa ng'ombe. Hakuwasifu, hakuwauliza habari. Nadhani alijua kila kaa aliyetoboa ukingo, na hakujua mwanawe wa tatu anafanya kazi gani Kericho.

Kuna siku moja ambayo lazima niiseme. Ilikuwa kiangazi, zamu ya kwanza, yaani yetu. Maji yalikuwa yanakuja, Mama na mimi tunayasubiri, mara yakapungua, yakawa uzi, yakakatika. Mzee alipanda kuyafuata. Alimkuta mwanawe mkubwa amezibua jiwe lake na kunywesha vitunguu. Mwana huyu alikuwa mtu mzima, ametahiriwa siku nyingi, ameoa, na mkewe, aliyekuwa mgeni bado, alikuwa amesimama mlangoni. Mzee alimpiga kwa mpini wa jembe mgongoni, mara tatu, mbele ya mkewe na mbele ya majirani waliokuwa wakirudi mtoni.

Kwetu mwana aliyetahiriwa hapigwi na baba yake. Heshima inayomzuia baba mlangoni mwa mwana ndiyo inayouzuia mkono wake. Mzee aliivunja mchana kweupe. Mwana hakurudisha mkono. Aliliziba pengo, akaingia ndani, akafunga mlango. Maji yakatufikia. Kipigo kile kilipigwa kwa ajili ya shamba letu, na miche yetu iliyanywa maji yale, na sisi tulimsifu mzee jioni nzima.

Mama alikuwa mjane. Baba mdogo, ndugu yake marehemu baba, alikuwa ameanza kufunga ng'ombe wake katika kipande chetu cha juu, akisema ardhi isiyo na chai ni malisho tu. Mama hakubishana naye. Aliotesha miche ya chai chini ya kivuli cha majani ya porini yaliyotandazwa juu ya fito, kitalu cha miche elfu moja na zaidi kidogo, ili mvua za masika za mwaka wa pili zikianza aipande yote katika kipande kile. "Ardhi yenye chai," alisema, "haina mtu wa kuifungia ng'ombe." Kiangazi cha kwanza miche ilipita salama kwa sababu ya zamu za mzee. Ilibaki kiangazi kimoja.

Na mfereji ulikuwa umechoka. Nisiseme uongo, ulikuwa umechoka kabisa. Kaa na fuko waliutoboa kuliko mzee alivyoweza kuziba. Kila masika ukingo uliporomoka mahali fulani, na zamani watu wote walitoka kuuchimba upya, lakini sasa vijana walikuwa Kericho na Kisii na Nairobi, na waliobaki walituma salamu badala ya majembe. Maji yalifika kwetu yakiwa na rangi ya chai yenye maziwa. Watoto waliugua matumbo. Kwa hiyo iliposemwa kwamba kutakuwa na harambee ya bomba, na mfereji utafukiwa, Mama alishangilia. Mimi pia. Simlaumu mtu kwa kutaka bomba. Nililitaka.

Bwana wa maji aliyetumwa kutupimia alikuwa kijana kutoka pwani, mwenye adabu, asiyejua Kigusii hata kidogo. Kwa ajili yake mikutano ilifanywa kwa Kiswahili. Alihitajika karani, na mwana mkubwa wa mzee, ambaye alikuwa amechaguliwa mwenyekiti, alinitaja mimi kwa kuwa nimemaliza darasa la saba na mwandiko wangu ni safi. Kisha akasema kwa Kigusii, watu wakacheka, "Tunataka wa kuandika, hatutaki wa kujadili." Nami nilicheka nao.

Mimi huandika polepole. Sianzi herufi mpaka ile ya kabla yake imekaa sawa. Bwana wa maji alikuwa mvumilivu. Alisema jambo, akaninyamazia, akasubiri kalamu yangu isimame, kisha akaendelea. Niliketi kwenye kiti kando yake. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa karibu naye vile.

Mzee alisimama mara moja tu kusema. Kiswahili chake kilikuwa cha mashamba ya majani chai ya Kericho, alikofanya kazi ujanani.

"Mimi hapana kataa bomba. Bomba ni mzuri. Lakini maji iko na macho. Sasa nyinyi nafunika yeye na udongo. Nani ataona yeye naenda wapi?"

Bwana wa maji hakumcheka. Alimweleza kwamba bomba litakuwa na koki moja kubwa, mahali ambapo mashamba ya juu yanaachana na ya chini. Atakayeshika koki hiyo ataweza kufunga juu na kupeleka maji chini, au kinyume chake.

"Ni kama zamu zako, mzee. Isipokuwa hutachimba."

Mzee alifikiri. "Koki hiyo mtu moja nashika?"

"Mtu mmoja."

"Basi nipe mimi."

Watu walipiga makofi, hata wa juu. Nikaandika kwamba mshika koki atakuwa Mzee wa Mfereji. Nilipomaliza kuandika nilimtazama Mama, aliyekuwa ameketi na wanawake nyuma, naye alikuwa anatabasamu akitazama nyasi.

Likabaki swali la mahali. Bwana wa maji alisema koki ni ya shaba na wezi wanaipenda, kwa hiyo haifai kukaa wazi. Inahitaji kufungiwa. Bomba linapita karibu na nyumba ya nani?

Mwenyekiti alijibu bila haraka. "Kwangu linapita hatua ishirini kutoka jikoni. Naweza kuongeza chumba kidogo nyuma ya nyumba, koki ikae humo. Mlango wa chumba utatokea ndani, sebuleni, ili mwizi asiingie kwa nje. Ufunguo utakaa kwa mke wangu."

Bwana wa maji alifurahi. "Na mshika koki ni baba yako! Mzee hatatembea mbali. Ni nyumbani kwa mwanawe mwenyewe."

Nimefikiri sana juu ya kimya kilichofuata. Tulikuwa watu kama arobaini, na kila mmoja wetu, isipokuwa yule mgeni, alijua kwamba mzee hawezi kuingia nyumba ile. Wote waliuona moto ule, au walisimuliwa. Wa juu walinyamaza kwa sababu kimya kiliwafaa. Wa chini walinyamaza kwa sababu kulisema jambo lile hadharani, mbele ya mzee na mbele ya mke wa mwanawe, ni aibu yenyewe. Kila mmoja alingoja mwenzake aione aibu hiyo kuwa ndogo. Nilimtazama mwenyekiti. Alikuwa ameukunja mgongo wake mbele kidogo, kama mtu anayeusikiliza.

"Mzee," bwana wa maji aliuliza, "una neno?"

Mzee alikuwa ameokota kijiti, anakwangua udongo katika jembe lake. Aliendelea kukwangua. Jembe lilikuwa safi.

Bwana wa maji alingoja kwa heshima. Kisha akaniinamia. "Andika, dada: Mzee hakupinga."

Ni maneno mawili. Niliyaandika kwa mwendo wangu, na watu wote arobaini wakanisubiri. Nilikuwa na muda wote uliohitajika. Ningeinua kichwa tu na kusema chini chini, kwa Kiswahili changu cha shule, "Bwana, kwetu baba haingii humo," naye angelisogeza shimo la koki kando ya njia na siku ingeendelea. Mgeni hana aibu ya kuambiwa. Niliimaliza herufi ya mwisho, nikaweka nukta.

Mabomba yaliletwa na lori mpaka Masimba, na kutoka hapo yalibebwa mabegani. Mitaro ilichimbwa na kufukiwa kabla ya mvua za vuli. Siku ya kufungua, bomba la kwetu lilikohoa hewa, likatema matope, kisha likatoa maji meupe kama glasi, na wanawake wakapiga vigelegele. Mfereji ulifukiwa wiki hiyo hiyo. Kila mtu alichukua kipande chake kilichopita shambani mwake akapanda viazi vitamu juu yake. Mawe ya sabuni yalikwenda kunolea mapanga na kusugulia miguu. La kwetu Mama aliliweka kando ya bomba, tukawa tunasimamishia ndoo juu yake.

Wakati wa mvua hakuna aliyehitaji koki. Mwezi wa kwanza ulipoingia, bomba letu lilianza kutoa maji asubuhi tu. Halafu likatoa hewa tu.

Mama alinituma kwa mwenyekiti. Nilimkuta akinywesha kabichi kwa mpira, maji yanaruka juu mpaka kwenye majani ya migomba.

"Chini hakuna maji," nilisema.

"Ni presha, dada. Maji ya bomba hayaendeshwi kwa fimbo kama yale ya zamani."

"Mama anauliza habari ya zamu."

Alifunga mpira, akanitazama kwa mara ya kwanza. "Mwambie mama yako mgongo wangu unazikumbuka sana zamu zake." Akaufungua tena.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa mzee. Tangu mfereji ufukiwe alikuwa akiketi nje ya nyumba yake asubuhi mpaka jioni, jembe limeegemea ukuta. Nilimweleza. Hakunitania. Alisimama, tukapanda pamoja mpaka penye ua wa nyumba ya mwanawe. Hapo alisimama, mahali pale pale, nadhani, aliposimama siku ya moto. Mwenyekiti alikuwa amekwenda Kisii.

"Sikiliza," aliniambia. "Niliwaangalia walipoiweka. Ina usukani mdogo. Zungusha upande wa mkono wa kulia mpaka ukatae. Ya juu itafunga, ya chini itafunguka. Mimi siwezi kuingia. Wewe waweza. Wewe ni mtoto wa nyumba hii kama mwingine yeyote."

Nilikwenda mpaka mlangoni. Mke wa mwenyekiti alitoka, ufunguo uko shingoni mwake kwenye kamba. Alikuwa mwanamke mwema, tuliimba pamoja kanisani. Alimwona mzee kule uani akainamisha uso.

"Najua mmefuata nini," alisema. "Sikukatazi. Chukua huu. Lakini akirudi akiniuliza, nitasema ni wewe umefungua. Siwezi kusema ni mimi, na babu siwezi kumtaja."

Aliuvua ufunguo, akaunyosha kwangu. Mlango wa sebule ulikuwa wazi. Niliuona mlango mdogo wa ndani, umepakwa rangi ya buluu. Nilijiona nimesimama mbele ya mkutano, watu arobaini wananitazama, naulizwa nani amekutuma, na sauti haitoki. Mikono yangu ilibaki nyuma yangu.

"Nitarudi na Mama," nilisema.

Mzee aliniona nikirudi mikono mitupu. Hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Haya," alisema tu. "Mguu haujaajiriwa." Tukashuka.

Sikurudi na Mama. Sikumwambia hata kwamba nilifika mlangoni. Tulibeba maji kutoka mtoni, yeye na mimi, njia ile ya mteremko, debe kichwani, tangu asubuhi. Miche elfu moja hainyweshwi na vichwa viwili. Ilianza kukauka kutoka pembezoni, majani yakawa ya shaba, kisha yakawa unga ukiyashika. Masika yalipoanza Mama alikuwa na miche themanini na kitu. Aliipanda yote kwenye kona. Baba mdogo alileta ng'ombe wake, akawafunga katika sehemu iliyobaki, na safari hii alipigilia nguzo ya kudumu. Ile themanini ng'ombe waliila wakiwa wamefungwa, kamba ilikuwa ndefu.

Kuna watu wanaosema mzee alikuwa mjinga, kwamba angevunja mwiko mara moja tu, kwa ajili ya watu. Wengine wanasema alivuna alichopanda mgongoni mwa mwanawe. Mimi naona wote wana haki ya kusema, maana wote walikuwa kimya siku ile kama mimi. Ninachojua ni kwamba alivunja chinsoni siku moja kwa hasira, ili sisi wa mwisho tupate maji, na alipoombwa na hali aivunje mara ya pili kwa akili timamu, hakuweza. Labda ile mara ya kwanza ilimtosha.

Mara ya mwisho kumwona mzee alikuja kwetu mwenyewe, miaka miwili baada ya kiangazi kile. Alishuka kilima na fimbo, polepole, akifuata viazi vitamu pale ulipokuwa mfereji, ingawa njia ya watu ilikuwa karibu zaidi. Mama alitoa kigoda, akakiweka mbali kidogo, akaingia ndani. Mzee hakukalia kigoda. Alikaa chini kando ya bomba, penye jiwe letu. Alilifuta matope, akaingiza vidole vyake vinne katika pengo. Vilicheza. Alikuwa amekonda, na palibaki nafasi ya kidole kimoja.

"Siku hizi ningewapunja," alisema.

Nikacheka, kwa haya tu. Akaniuliza kama bado ninalo daftari la mkutano. Nilikuwa nalo, hakuna aliyewahi kuniomba. Nililileta.

"Nisomee siku ya koki."

Nilimsomea yote, majina ya waliohudhuria, mabomba mangapi, nani atachimba wapi. Nilifika pale, nikasoma, "Mzee hakupinga."

"Ni kweli," alisema. "Sikupinga. Umeandika sawa. Na karani je? Alisema nini?"

"Hakusema kitu, Babu."

"Imeandikwa?"

"Haikuandikwa."

"Jina lake limo?"

Niligeuza kurasa kana kwamba sijui. "Halimo."

Hakuniita mke wake mdogo. Alinyosha mkono, akaweka vidole vyake vinne juu ya ukurasa, chini ya maneno yale mawili, akapima nafasi iliyobaki mpaka mwisho wa karatasi. Ilikuwa inatosha.

Nikaenda ndani kuchukua kalamu. Nililiandika jina langu pale, herufi moja moja, kwa mwendo wangu, naye akaketi akaningoja mpaka herufi ya mwisho, kama alivyokuwa akingoja kivuli, zamani, maji yakija kwetu.